Kabla ya kuwaingiza watoto korongoni, weka siku ya akiba

Mtoto aliyezaliwa Ibadakuli anakua akiiona ardhi imelala. Kuna uwanja wa ndege, mashamba ya mtama na pamba, ng'ombe, vilima vya mawe hapa na pale, basi. Mlima wenye kuta mbili ndefu na mto unaopita katikati anauona kwenye kitabu cha Jiografia. Ndiyo maana likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaoweza kuchanga na kukodi gari pamoja huanza kuulizana: mwaka huu tuwapeleke wapi watoto, ukiacha kwa bibi na ziwani Mwanza?

Jibu moja zuri ni korongo la Mto Ngare Sero, katika kijiji cha Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha. Mto huo unateremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, unaukata ukingo wa Bonde la Ufa, kisha unaishia Ziwa Natron. Unatembea ndani ya korongo kufuata maji kuelekea juu, unavuka mto mara kadhaa, unapita miamba yenye mitende ya porini, hadi unapofika kwenye maporomoko yanayomwagika kutoka ubavuni mwa ukuta wa mawe. Mtu mzima mwepesi hutumia takriban saa moja kufika. Ukiwa na mtoto wa miaka sita, panga nusu siku.

Ninaandika habari za afya, na safari za familia huwa naziangalia kwa jicho hilo. Ukurasa huu hautakueleza uzuri wa korongo tu. Utakueleza namna ya kuipanga siku hiyo ukiwa bado sebuleni kwako, kwa sababu makosa mengi yanayoua watu makorongoni hufanyika kabla gari halijawashwa.

Mvua inayoua hunyesha mahali pengine

Watu wa Shinyanga tunaijua mito ya mchanga. Unaweza kusimama katikati ya mto wa msimu, jua kali, mchanga mkavu, watoto wanachimba visima vya maji. Mvua ikinyesha mbali, upande ambao wewe huoni hata wingu, maji yanakuja yamebeba magogo. Wazee hawakutukataza kulala kwenye mchanga wa mto kwa sababu ya imani tu. Walikuwa wameona.

Korongo la mlimani ni mto huo huo, ila umewekewa kuta. Kwenye mto wa mchanga unaweza kukimbilia kando. Korongoni kando hakuna. Mvua iliyoenea kwenye eneo kubwa la juu inakusanywa na kupitishwa kwenye upenyo wa mita chache, hivyo maji yanapanda kwa dakika, si kwa saa.

Jirani zetu Kenya wana mfano unaouma. Katika Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kuna korongo la Ol Njorowa, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipokea wanafunzi, familia na vikundi vya vijana. Aprili 2012 vijana waliokuwa kwenye matembezi ya kanisa walikumbwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo hilo, na saba walikufa. Septemba 1, 2019, siku ya Jumapili, maji yalishuka tena na kuua watu saba, akiwamo mwongoza wageni ambaye ni mwenyeji wa eneo hilo. Angalia miezi hiyo miwili. Aprili ni masika, kila mtu anategemea mvua. Septemba si masika. Kalenda peke yake haitoshi.

Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna korongo jembamba liitwalo Antelope Canyon. Agosti 12, 1997 watembezi 11 walikufa humo kwa maji ya mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka pale walipokuwa. Kisiwani Krete, Ugiriki, korongo la Samaria lina njia ya kilomita 16 hadi kijiji cha pwani cha Agia Roumeli. Wageni huingia kuanzia Mei hadi Oktoba, na hata ndani ya miezi hiyo lango hufungwa hali ya hewa ikiharibika. Wenzetu hao wamekubali kwamba kuna siku ambayo mgeni, hata kama ametoka mbali na tiketi yake imelipwa, ataambiwa arudi.

Na hatuhitaji kwenda Ugiriki. Anayesafiri kwa barabara kutoka Shinyanga kwenda Arusha anapita Katesh, chini ya Mlima Hanang. Desemba 3, 2023 mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka mlimani hadi kwenye makazi ya watu, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Ukipita pale na watoto, waonyeshe mlima. Ni somo la Jiografia ambalo halihitaji ubao.

Chagua mwezi kwanza, gari baadaye

Kaskazini mwa nchi masika kwa kawaida ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Shule zetu zina likizo mbili ndefu: ya katikati ya mwaka, kuanzia Juni, na ya mwisho wa mwaka, Desemba. Kwa safari ya korongo, likizo ya Juni ndiyo yenu. Ya Desemba iache. Najua Desemba ndipo ndugu wanapokutana na bonasi zinapotoka, lakini ndiyo pia miezi ambayo mawingu hujaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa.

Ukichagua Juni, elekea nusu ya pili ya mwezi, kwa sababu mkia wa masika huweza kuingia siku za mwanzo. Wiki moja kabla ya safari anza kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Usiangalie utabiri wa unakokwenda tu. Angalia pia maeneo ya juu, Ngorongoro na Karatu, kwa sababu huko ndiko maji yanakotoka. Kama kuna tahadhari ya mvua kubwa kwa Mkoa wa Arusha au Manyara, safari inasogezwa. Hapo hakuna mjadala.

Kipimeni kikosi chenu hapa nyumbani

Wazazi wengi hupima safari kwa nguvu za baba. Korongo halipimwi hivyo. Linapimwa kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote, na kwa magoti ya bibi kama naye yumo.

Wiki tatu kabla, Jumamosi alfajiri, fanyeni jaribio. Tokeni Ibadakuli au popote mlipo, tembeeni saa mbili kuelekea kwenye kilima cha mawe kilicho karibu, pandeni kidogo, mrudi. Kila mtu abebe maji yake na avae viatu atakavyovaa siku ya safari. Mtarudi mnajua mambo manne: nani anachoka mapema, nani anakimbia mbele bila kusubiri, kiatu gani kinachubua, na ni maji kiasi gani mnakunywa kweli. Nguvu za mtoto anayecheza mpira mchana kutwa si sawa na nguvu za kutembea saa tatu mfululizo juani. Mpira una mapumziko mengi kuliko tunavyodhani.

Jaribio hilo pia litakuonyesha nani asiende, au aende lakini abaki kambini na mtu mzima mmoja. Hapa naomba uwe mkweli.

Mtoto mwenye seli mundu anahitaji kuzungumziwa na daktari wake kabla hujalipia chochote. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto takriban 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo yenye wagonjwa wengi. Upungufu wa maji mwilini, uchovu mkubwa na kuingia ghafla kwenye maji baridi ni mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali. Safari ya korongo ina yote matatu kwa asubuhi moja. Haina maana afungiwe ndani maisha yake yote. Ina maana mpango wake uwe tofauti: atembee kipande kifupi, anywe maji mara kwa mara, asioge kwenye dimbwi la maporomoko, na dawa zake ziwe mkononi mwa mzazi, si kwenye begi lililobaki garini.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, iliyojaribiwa kabla ya kuondoka. Mwenye kifafa asivuke wala asiingie majini bila mtu mzima kumshika. Mama mjamzito aepuke miamba ya kuteleza. Kuanguka ndiko kunakotisha pale kuliko umbali. Na mtoto aliyekuwa na homa au kuharisha ndani ya siku tatu kabla ya safari, mwili wake bado haujarudisha maji yake. Abaki.

Barabara: msihesabu siku moja

Kutoka Ibadakuli mnapita Tinde, Nzega, Igunga, Shelui, mnapanda Sekenke, mnaingia Singida. Kutoka hapo ni Katesh, Babati, Magugu, Makuyuni, halafu Mto wa Mbu. Mpaka hapo ni lami. Kutoka Mto wa Mbu mnageuka kaskazini kufuata ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Engaruka hadi Engaresero, na huko gari la chini litawatesa. Tafuteni gari lililoinuka, lenye tairi ya akiba nzima, na dereva anayekubali kulala njiani.

Msijaribu kufika kwa siku moja. Laleni Babati au Mto wa Mbu, kesho yake mfike Engaresero mchana, mpumzike, muongee na wenyeji, mlale. Siku ya tatu alfajiri ndiyo ya korongo. Njiani kuna ada za kuingia katika maeneo ya vijiji na halmashauri, na kijijini kuna ada ya korongo na ya mwongozaji. Piga simu kambini mapema uulize zote kwa jumla yake, uziandike, na ubebe fedha taslimu, kwa sababu mtandao wa simu hukatika katika vipande vingi vya barabara ile.

Kwa hiyo hesabu yako ni siku mbili kwenda, siku moja ya korongo, siku mbili kurudi. Jumla tano. Sasa ongeza moja. Hiyo ya sita ndiyo sababu ya makala haya.

Siku ya akiba inavyofanya kazi

Mwezi Juni nilisafiri na familia ya dada yangu: yeye, mumewe, na watoto watatu wenye miaka 12, tisa na sita. Tulikuwa tumefuata kila kitu. Tuliingia korongoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwongozaji wetu, kijana wa Kimasai wa pale pale kijijini, akiwa mbele na fimbo yake. Maji yalikuwa ya magotini kwa watoto, safi, unaona mawe chini. Tulivuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti ya maporomoko ilianza kusikika.

Yule kijana akasimama. Alikuwa anatazama juu, kwenye mkanda mwembamba wa anga tuliokuwa tunauona kati ya kuta. Wingu zito lilikuwa limekaa upande wa juu wa mto. Kwetu chini jua lilikuwa linawaka.

"Mzee," alimwambia shemeji yangu, "tunarudi."

"Turudi wapi? Si ndiyo tunafika?"

"Wingu lile liko juu ya mto. Maji yakishuka huku hayapigi hodi."

Shemeji alitazama anga, akawatazama watoto, akamtazama kijana. "Kijana wangu, sisi tumetoka Shinyanga. Siku mbili barabarani."

"Pole sana, mzee. Lakini maporomoko hayahami. Kesho yapo."

Yule wa miaka tisa alianza kulia. Akanishika mkono: "Mama mdogo, mbona tunarudi na mvua hainyeshi?" Nilimwambia mvua inanyesha mahali pengine. Dada yangu hakusema neno; alimbeba mdogo mgongoni, akageuka.

Sasa nitakuambia kitu ambacho habari nyingi za namna hii hazisemi. Maji hayakuja. Tulikaa kambini mchana mzima tukiutazama mto, na mto ukabaki vile vile. Wingu lilitawanyika. Shemeji alikunywa chai yake kimya. Mtu anayepima uamuzi kwa matokeo yake angesema kijana alitupotezea siku. Mimi nasema hapana. Mwongozaji hana njia ya kujua wingu lipi litashusha maji na lipi litapita. Anachojua ni kwamba likishusha, kuna watoto watatu ndani ya upenyo usio na pa kupandia. Uamuzi sahihi unabaki sahihi hata pale maji yasipokuja.

Kesho yake anga ilikuwa nyeupe. Tuliingia tena saa ile ile, tukafika, watoto wakasimama chini ya maji wakipiga kelele hadi wakatetemeka. Tulifika kwa sababu tulikuwa na siku ya sita. Ungekuta gari linatakiwa kurudi Shinyanga asubuhi hiyo, shemeji angebishana zaidi, na pengine angeshinda. Baba aliyelipa mafuta, vyumba na ada, ambaye hana kesho nyingine, ndiye rahisi kusema "twende tu, Mungu atatusaidia". Siku ya akiba inamwondolea mzazi kishawishi hicho. Inagharimu chakula na malazi ya usiku mmoja. Ukikata gharama, kata kingine; hiyo usiikate.

Sheria za ndani ya korongo

Kubalianeni mambo haya jioni ya kabla, watoto wakisikia.

Saa ya kugeuka. Mkiingia saa kumi na mbili na nusu, wekeni saa nne asubuhi kuwa mwisho wa kwenda mbele. Ikifika saa nne hamjaona maporomoko, mnageuka. Joto la Natron linaweza kufika nyuzi 40, na kuta za mawe hulirudisha kama tanuri. Lengo ni kuwa mmetoka kabla ya saa sita.

Mdogo anatangulia. Mwongozaji mbele, mtoto mwenye hatua fupi nyuma yake, mtu mzima mmoja awe wa mwisho kabisa. Hakuna anayempita mdogo. Msafara uliogawanyika korongoni ni misafara miwili, na mmoja hauna mtu mzima wa kutosha.

Neno la mwongozaji ni la mwisho. Akisema tunarudi, hakuna kura. Mwambie hivyo mwenyewe usiku ule: "Kijana, ukiona haifai, sema, hatutakubishia, na malipo yako ni yale yale." Waongozaji wengi husukumwa na wageni kwa sababu wanaogopa kukosa hela. Ukiondoa hofu hiyo umenunua usalama.

Dalili za maji kuja. Maji safi yakianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, yakileta povu, majani na vijiti, yakipanda juu ya jiwe ulilokuwa unaliona, au ukisikia mngurumo kama lori linalopanda mlima, msisubiri uhakika. Acheni mabegi, shikeni watoto, pandeni sehemu ya juu iliyo karibu. Msikimbie kufuata mto kuelekea nje. Maji yana mbio kuliko ninyi. Mkiwa juu, kaeni huko hata kama mtakesha. Maji ya mafuriko yanayofika magotini tu yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Maji, chumvi na matobolwa

Beba lita moja kwa kila mtoto na lita mbili hadi tatu kwa mtu mzima. Usingoje mtoto aseme ana kiu. Kila baada ya dakika 15 hadi 20 simameni kivulini, kila mmoja anywe mafunda kadhaa. Mkojo ukiwa wa rangi nyepesi mko sawa; ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, kuna mtu amechelewa kunywa. Maji ya mto msiyanywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa, hata yakionekana safi kama ya dukani.

Jasho linatoa chumvi pia, kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Beba chakula kidogo chenye chumvi. Kwetu Usukumani tumebarikiwa: matobolwa na karanga zilizokaangwa kwa chumvi havioshwi, havichachi, havivuji kwenye begi, na vinashibisha kuliko biskuti. Weka pia pakiti tatu za ORS na chupa tupu yenye kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mtoto anayeumwa kichwa, kutapika, kukakamaa misuli au kulegea huku akitoka jasho jingi ameanza kuzidiwa na joto. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mlowanishe kwa maji ya mto, mpepee, mpe ORS kidogo kidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akazimia au akapata degedege, hiyo ni dharura: endeleeni kumpoza huku mkimtoa, na asinyweshwe chochote akiwa hajitambui. Kijijini mtapata huduma ndogo. Hospitali kubwa iko mbali kwa saa kadhaa za barabara ya vumbi. Ndiyo sababu gari libaki mdomoni mwa korongo, lina mafuta, na dereva yuko ndani yake, hajaenda kutafuta soda.

Viatu viwe raba za kufunga zenye soli inayoshika, ambazo hujali zikilowa. Kandambili zitaondoka na mto kwenye kivuko cha kwanza. Usivukishe watoto pekupeku, mawe yanakata. Msitie mkono kwenye upenyo wa mawe usiouona ndani. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kubana. Mvueni pete na viatu, mguu au mkono utulie bila kutikiswa, abebwe, mwende hospitali.

Nyayo za watu 17

Mkitoka korongoni, na kama jua limepungua jioni, mwombe mwongozaji awapeleke kwenye nyayo za kale za Engaresero, kusini mwa Ziwa Natron. Ni zaidi ya nyayo 400 za binadamu zilizobaki kwenye tope la majivu lililogeuka jiwe, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Nyuma yake umesimama Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu, volkano hai yenye urefu wa takriban mita 2,960, ambayo mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulikuwa mwaka 2007 na 2008.

Watafiti waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2020 walizitazama njia za watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea upande mmoja. Kwa ukubwa wa nyayo walikadiria kwamba wengi wao walikuwa wanawake, pengine 14, pamoja na wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Hatua zao zinaonyesha walikuwa kwenye mwendo mmoja. Yule wetu wa miaka sita alisimama kando akauliza kwa nini hakuna aliyekimbia mbele. Baba yake alimjibu, "Walikuwa wanasubiriana." Sina jibu bora la kumpa mtoto kuhusu namna ya kutembea na familia.

Kama unafikiria Juni ijayo, anza wiki hii na mambo matatu. Uliza bei ya gari kwa siku sita, si tano. Mpeleke hospitali mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu ukazungumze na daktari wake kuhusu safari hii. Pangeni Jumamosi ya jaribio. Hesabu ikigoma, na siku ya akiba ikawa haiwezekani, usiibane safari ili itoshe. Wapeleke watoto kwenye vilima vyetu vya mawe mwaka huu, na uanze kuweka akiba ya mwaka kesho.